Jina la Kobe Kwanza, Ndipo Chakula

Maswali na Majibu: Wanyama wa Nyumbani

Mwezi huu nimechagua barua tatu zinazohusu kobe wa Amerika ya Kusini. Waandishi wake wako katika miji iliyo mbali sana baina yake, lakini tatizo lao lina mzizi mmoja, nao ni kwamba mwenye kobe aliambiwa jina lisilo lake, au hakuambiwa jina lolote, akaendelea kwa kubahatisha. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu kobe anayezungumziwa anaumia hivi sasa.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mama wa watoto wawili na ninaishi Columbus, Ohio. Mwaka jana shemeji yangu alimletea binti yangu wa miaka kumi kobe aliyemnunua kwenye maonyesho ya wanyama watambaao. Muuzaji alimwambia kuwa ni kobe wa jangwani, kwamba tumweke kwenye mchanga mkavu chini ya taa kali, tumpe letasi na chakula cha vidonge, na maji kidogo mara moja kwa wiki. Tumefuata maelekezo hayo kwa miezi kumi na minne. Gamba lake sasa lina urefu wa sentimita 14. Ni jeusi, na katikati ya kila kigae kuna doa la manjano. Miguuni ana magamba madogo mekundu kama pilipili zilizoiva. Tangu Ramadhani iishe hataki kula vizuri, anajichimbia chini ya sahani ya maji mchana kutwa, na vigae vya mgongoni vimeinuka kama vichuguu. Jirani yetu Mkenya anasema huyu ni kobe wa kwetu Afrika. Nimeambatanisha picha nne. Huyu ni kobe gani, na tumfanyie nini? — Mama Zuhura.

JIBU: Marahaba, Mama Zuhura, na umpe pole binti yako, mwambie kwamba wakati wa kumsaidia kobe wake haujapita. Nimezitazama picha zote nne kwa makini na sina shaka. Huyu ni kobe wa miguu myekundu wa Amerika ya Kusini, ambaye jina lake la kisayansi ni Chelonoidis carbonarius. Kwao ni misituni na kwenye kingo za mbuga zenye majira ya mvua, kuanzia Panama, Kolombia na Venezuela, kupitia Guyana, Suriname na Brazili, hadi Bolivia, Paraguay na kaskazini ya Argentina. Wabrazili humwita jabuti-piranga, na Wavenezuela morrocoy. Jangwa halijui kabisa.

Nitaeleza nilivyomtambua ili nawe umshike na kuhakikisha mwenyewe, kwa maana jina la kobe ndilo linaloamua maji yake, joto lake na chakula chake. Mshike kwa mikono miwili, umwelekeze kichwa kwako, kisha utazame ukingo wa gamba pale juu ya shingo. Kobe wa aina nyingi wana kigae kimoja chembamba mahali hapo, chenye umbo la ukucha, kisicho na mwenzake. Wasomaji waliowahi kuvuka kwenda kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, wamewaona kobe wakubwa wa asili ya Aldabra ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Hao kwa kawaida wanacho kigae hicho, na wanacho pia wale kobe wadogo wa nchi za Bahari ya Kati wanaofugwa sana Ulaya. Wa kwenu hana. Katika picha ya tatu inaonekana wazi kwamba vigae viwili vya ukingoni vinakutana juu ya shingo bila kitu kati yao, na hivyo ndivyo walivyo wote wa jenasi ya Chelonoidis, wakiwamo majitu ya visiwa vya Galápagos.

Alama hiyo peke yake haitoshi, na sishangai kwamba jirani yako alikosea. Kobe wa madoa wa Afrika Mashariki, yule tunayemkuta akivuka njia huko Dodoma au Voi mvua zikianza, naye hana kigae cha shingo, na vilevile hana yule kobe mkubwa wa Saheli ambaye huuzwa sana huko Marekani. Lakini kobe wetu wa madoa ana gamba la rangi ya majani makavu lililonyunyiziwa madoa na michirizi meusi kila upande, na huwezi kupata katikati ya kigae doa moja lililotulia. Wa Saheli ni wa rangi ya mchanga mwili mzima, na nyuma ya mapaja ana magamba yaliyochongoka kama miiba mikubwa. Wa kwenu ni mweusi, na ndiyo maana Mjerumani Spix, aliyemwelezea mwaka 1824 baada ya safari yake ya Brazili, alimpa jina lenye maana ya makaa. Hesabu vigae vikubwa vya mgongoni: vitano katikati na vinne kila upande, jumla 13, na kila kimoja kina kile kidoa cha manjano. Hapo ndipo kigae kilipoanza siku kobe alipototolewa, na weusi wote uliokizunguka ni ukuaji uliofuata.

Yupo ndugu yake wa karibu ambaye watu humchanganya naye zaidi, yaani kobe wa miguu ya manjano, Chelonoidis denticulatus. Huyo ni wa msitu mzito wa Amazoni na huwa mkubwa zaidi. Wakati kobe wa miguu myekundu akishakomaa huwa na sentimita 30 hadi 35 kwa kawaida, huyo wa manjano hufikia 40 kwa urahisi, na wameonekana waliopita 80. Rangi ya miguu isikudanganye, kwa sababu wako wa manjano wenye magamba ya rangi ya chungwa iliyokolea, na wako wa miguu myekundu ambao miguu yao ni ya manjano kabisa, kutegemea wametoka sehemu gani ya bara lile. Mimi hutazama kichwa. Kati ya pua na macho, wa manjano ana magamba mawili marefu yaliyolala sambamba, ilhali kwa mwekundu magamba hayo ni mafupi. Kisha hutazama gamba: la manjano ni kahawia na madoa yake hufifia polepole kuelekea pembeni, la mwekundu ni jeusi na doa lina mpaka. Kwa kobe wako dalili zote mbili zinaelekeza upande mmoja.

Bara hilo lina pia kobe wa Chaco, ambaye jina lake la kisayansi ni chilensis ingawa makao yake ya asili ni Argentina, Paraguay na Bolivia, si Chile. Huyo ni wa nchi kavu kweli, na maelekezo ya muuzaji yangemkaribia yeye. Namtaja ili msomaji asije akafikiri kwamba kila kobe wa Amerika ya Kusini hutaka unyevu.

Sasa tuje kwenye vichuguu vya mgongoni. Kwa muda mrefu wafugaji waliamini kwamba vinatokana na protini nyingi, na mpaka leo utasikia hivyo. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa vifaranga vya kobe wa Saheli, ambapo vikundi vilipewa viwango tofauti vya protini na vya unyevu hewani, na ikaonekana kwamba ukavu wa hewa ndio uliokuwa na athari kubwa zaidi katika kuinua vigae. Ikiwa hata kobe wa Saheli huharibika gamba kwa hewa kavu, fikiria huyu wa msituni aliyekaa miezi kumi na minne chini ya taa kali, ndani ya nyumba inayopashwa joto majira ya baridi ya Ohio, wakati ambapo hata midomo ya watu hupasuka.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nililifanya mwenyewe. Kobe wangu wa kwanza wa aina hii niliuziwa dukani kwa jina lisilo lake, nikamweka kwenye mchanga mkavu karibu mwaka mzima, na nilimwona akijificha mchana kutwa nikadhani ndiyo tabia yake. Siku nilipoambiwa ukweli nilimwaga mchanga wote, nikatandika makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kukamuliwa. Alisimama juu yake akayanusa, akaanza kufukua kwa mguu wa mbele mmoja, kisha mwingine, akazama mpaka zikabaki pua na macho tu. Asubuhi nilimkuta palepale, gamba lina matone madogo ya maji, na kwa mara ya kwanza alinyoosha shingo kunitazama badala ya kuirudisha ndani. Vigae vilivyokwisha kuinuka havikurudi chini, na vya kobe wako havitarudi. Lakini ukuaji mpya ulitoka laini, na ule mstari mweupe kati ya kigae na kigae, ambao ulikuwa umepotea, ulionekana tena baada ya wiki chache.

Jambo la kwanza kwako ni daktari wa wanyama anayejua watambaao, wiki hii hii. Kobe aliyeacha kula baada ya kuishi mchangani huenda amemeza mchanga ukamziba utumbo, na kwa macho hakuna anayeweza kujua. Daktari atampiga eksirei. Mpelekee kinyesi kibichi ndani ya kichupa ili apime minyoo. Ukiona mapovu puani, kamasi, au akipumua kwa kufungua mdomo, usingoje miadi.

Wakati unasubiri, mwogeshe kila siku. Weka maji ya vuguvugu kwenye beseni, kina kiishie pale gamba la juu linapokutana na gamba la tumbo, umwache humo dakika 15 hadi 20. Atakunywa kwa kuzamisha pua na koo litaonekana likicheza. Huenda akatoa kinyesi humo humo, na pengine kitu cheupe kama chokaa, ambacho ni uchafu wa figo. Kikiwa kigumu kama mchanga, mwambie daktari, kwa sababu ni dalili kwamba alikauka mno.

Ondoa mchanga wote. Tandika makumbi ya nazi, au matandazo ya maganda ya miti ya msonobari wa kaskazini, kwa kina cha sentimita 10, na uyamwagie maji ili tabaka la chini liwe na unyevu huku la juu likikauka kidogo. Gamba la tumbo likilala kwenye majimaji siku zote huoza. Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 70 na 80 au zaidi kidogo, na upime kwa kipima unyevu kilichowekwa chini anapotembea kobe, si kile kinachobandikwa juu ya kioo. Mjengee pango: beseni la plastiki lililopinduliwa na kukatwa mlango, ndani yake uweke mosi (mimea midogo laini iotayo penye unyevu) iliyoloweshwa. Kobe wa aina hii asiye na mahali pa kujificha huishi na hofu, na hofu humzuia kula.

Joto la mchana liwe nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi, ambazo kwa vipimo vya huko kwenu ni 80 hadi 86 za Farenhaiti, na usiku lisishuke chini ya 21 za Selsiasi. Taa ile kali iondoe, maana kobe wa msituni hatafuti jua kama mjusi. Hupita kwenye miale iliyochujwa na majani, akakaa kidogo, akaondoka. Taa ya urujuanimno bado anaihitaji ili mwili wake utengeneze vitamini D na kuitumia kalisi, lakini chagua isiyo na nguvu nyingi, iwake kwa muda wa saa 12 na kuzimwa kwa muda wa saa 12, na sehemu moja ya makao iwe na kivuli. Kiangazi, siku ambayo nje ni zaidi ya nyuzi 21 za Selsiasi, mtoe nyasini chini ya mti, ndani ya uzio, mtu mzima akiwapo. Jua la kweli halina mfano.

Chakula ndicho kitakachomfurahisha Zuhura. Letasi pekee ni maji yaliyovaa rangi ya kijani. Msingi wa kila siku uwe majani yenye nguvu: majani na maua ya dandelioni kutoka mahali pasipopuliziwa dawa, endivu, majani ya maboga, majani na maua ya haibiskasi, majani ya mpungate yaliyoparwa miiba. Sukuma wiki si mbaya ukiibadilishabadilisha na mengine. Mchicha na spinachi usimpe mara kwa mara kwa sababu vina kitu kinachoizuia kalisi isifyonzwe. Halafu kuna matunda, na hapa yeye ni tofauti na kobe wote uliowahi kuwasikia. Kobe wa Saheli akipewa embe kila siku ataharisha, bali huyu porini ni mla matunda kweli kweli. Yanapoanguka chini ya mti huja kuyafuata, na mbegu anazomeza huzipanda mbali kwa kinyesi chake. Mpe papai, embe, pera, tini, kidogo kidogo, yafike kama robo ya chakula chake cha wiki. Watafiti waliowafuatilia kobe hawa kwenye kisiwa cha Maracá, kaskazini ya Brazili, miaka ya 1980 waliwakuta wakila matunda, maua, majani, uyoga na hata mizoga. Kwa hiyo mara moja kwa wiki au wiki mbili mpe kipande cha yai lililochemshwa, nyungunyungu, au konokono mdogo. Uyoga wa sokoni pia huupenda sana. Parachichi usimpe, wala chakula cha mbwa.

Weka ndani ya makao mfupa mweupe wa dome, yule wa baharini wa jamii ya ngisi, ule unaotundikiwa ndege kizimbani. Ataung'ata mwenyewe akihitaji kalisi. Binti yako aulize mjomba yeyote aliyewahi kuvua Mombasa au Tanga, atamweleza unatoka wapi.

La mwisho kwako, na uliweke juu ya mengine yote ndani ya nyumba yenye watoto: kobe aliye mzima kabisa anaweza kubeba salmonela. Kwa sababu ya ugonjwa huo, tangu mwaka 1975 huko Marekani ni marufuku kuuza kobe na kasa wenye gamba lisilofikia inchi nne, yaani sentimita 10, maana wadogo ndio watoto huwaweka mdomoni. Zuhura anawe mikono kwa sabuni kila anapomshika, mdogo wake akiwa hajafika miaka mitano asimguse, na beseni la kobe lisioshewe kwenye sinki la jikoni. Kisha mpe Zuhura daftari na mizani ya jikoni iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, ampime kobe kila Jumamosi na kuandika gramu. Uzito unaoshuka wiki tatu mfululizo utakuambia kitu kabla macho hayajaona.

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam kutoka Birmingham. Nina kobe wawili niliowarithi kwa rafiki aliyehama, na aliniambia tu kwamba ni "wa Brazili". Mmoja ana kichwa chenye wekundu na gamba jeusi, mwingine ni wa kahawia na kichwa cha manjano. Huyu mweusi humfuata mwenzake na kumgonga kwa gamba, kisha hutikisa kichwa. Je, ni dume na jike? Na mfanyakazi mwenzangu huwalaza kobe wake kwenye friji majira ya baridi, anadai nami nifanye hivyo ifikapo Novemba. — S., Birmingham.

JIBU: Nianze na friji, kwa sababu hilo linaua. Mwenzako bila shaka anafuga kobe wa nchi za Bahari ya Kati, ambao kwao kuna majira ya baridi na miili yao imeumbwa kulala miezi kadhaa. Kuwalaza kwenye friji yenye nyuzi tano ni njia inayojulikana huko Uingereza na kwa hao ni sahihi ikifanywa kwa uangalifu. Kobe wa kwako hawalali. Wametoka mahali ambapo usiku wa Desemba una joto kama la Tanga, na kwenye friji wanaweza kuugua mapafu na kufa. Novemba unachotakiwa kufanya ni kuhakikisha kipasha joto kinafanya kazi na kuwa na cha akiba kabatini.

Kwa maelezo yako, mweusi ni wa miguu myekundu na wa kahawia huenda ni wa miguu ya manjano. Soma alama nilizomweleza Mama Zuhura, hasa magamba yaliyo kati ya pua na macho. Na hapa kuna jambo ambalo mimi binafsi hunivutia kila nikilifikiria. Aina hizi mbili huishi pamoja katika sehemu kadhaa za Amerika ya Kusini, na wao wenyewe wana njia ya kutambuana. Mtafiti Walter Auffenberg alichapisha mwaka 1965 kwamba dume akikutana na kobe mwingine hutikisa kichwa kwanza, na kila aina ina mtikiso wake: wa miguu myekundu huvuta kichwa pembeni kwa mishtuko ya kukatikakatika, wa manjano hukizungusha kwa mwendo mmoja usiokatika. Rangi ya kichwa nayo ina sehemu yake. Keti karibu na uzio jioni moja, mweusi akianza, umtazame atikisavyo kichwa chake. Utajua umemshika nani kabla hujamgeuza tumbo.

Kugonga na kutikisa kichwa ni kwa dume, lakini hakukuambii mwenzake ni jike, maana madume hugombana kwa ishara hizo hizo. Mgeuze kila mmoja kwa upole, kwa muda mfupi. Dume aliyekomaa ana gamba la tumbo lililobonyea katikati na mkia mrefu mnene anaoulaza pembeni. Jike tumbo lake ni bapa na mkia ni mfupi. Dume wa miguu myekundu ukimtazama kutoka juu ana kiuno, kana kwamba gamba limebanwa ubavuni. Wakiwa chini ya sentimita 20 hivi alama hizi bado hazijakomaa na anayekuhakikishia jinsia anabahatisha.

Vyovyote itakavyokuwa, watenganishe. Anayefuatwa na kugongwa kila siku huacha kula na kujificha, na watu wengi hugundua wakati kilo zimekwisha kupotea. Pia kila aina hubeba vijidudu ambavyo yenyewe imevizoea na mwenzake hajavizoea. Aina mbili zisichangie sahani ya maji. Kobe hawa hawataona upweke kama mtu. Kila mmoja aliyekomaa apewe angalau mita mbili na nusu kwa mita moja na robo ndani ya nyumba, na bustani kiangazi. Najua ni nafasi kubwa kwa nyumba za Birmingham. Kama haipo, mtafutie mmoja wao mlezi mwingine sasa, kwa maana wanaweza kuishi miaka 50 au zaidi na nafasi hiyo hutaipata baadaye.

SWALI: Mwandishi, habari za kazi. Ami yangu aliye London ana kobe wa miguu myekundu waliototolewa nyumbani kwake, na anataka kuniletea wawili atakapokuja Mombasa Desemba. Anasema kibali ni kwa ajili ya kasa wa baharini tu, kobe ni mnyama wa kawaida. Hali ya hewa yetu nadhani inawafaa. Je, ni kweli hakuna kibali? — Msomaji, Likoni.

JIBU: Si kweli, na umzuie ami yako kabla hajakata tiketi. Kasa na kobe wote wawili wanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini. Kasa wa baharini wamo katika orodha ya kwanza, iliyo kali zaidi. Kobe wa nchi kavu wa jamii yote wamo angalau katika orodha ya pili tangu mwaka 1975, na kobe wa miguu myekundu yumo humo. Maana yake ni kwamba hata akiwa ametotolewa sebuleni London hawezi kuvuka mpaka kihalali bila kibali cha kumsafirisha kutoka Uingereza. Upande wa Kenya, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka masharti yake, na anayeyasimamia ni Huduma ya Wanyamapori ya Kenya, KWS. Pia utahitaji ruhusa ya idara ya mifugo kuhusu afya ya mnyama. Nenda ofisi ya KWS ukiwa na jina la kisayansi limeandikwa kwenye karatasi, kwa sababu ukisema "kobe" tu afisa hatajua ni kobe yupi na jibu atakalokupa halitakusaidia uwanja wa ndege. Mnyama aliyekamatwa bila karatasi hutaifishwa, na aliyembeba hushtakiwa.

Kuhusu hali ya hewa umesema kweli, joto na unyevu wa Likoni vinawafaa kuliko sebule yoyote ya London. Lakini hilo ndilo jambo linalonifanya nisite. Kobe hawa walipelekwa na watu kwenye visiwa kadhaa vya Karibiani wakajikita huko, na pwani yetu ina kila wanachohitaji: maembe yanayoanguka, mapera, konokono, majani mabichi mwaka mzima. Aliyetoroka Ohio atakufa na baridi ya kwanza. Aliyetoroka Likoni ataendelea na safari. Ukipewa ruhusa, zungushia ua ukuta uliofukiwa sentimita 30 ardhini, maana hufukua, na usio na pembe za kupandia. Ukinyimwa ruhusa, usitafute wa kuokota porini wa kuziba nafasi yake, kwa kuwa sheria ile ile humlinda kobe wetu wa madoa pia. Mwambie ami yako abaki na hao wawili, na akija Desemba alete picha zao za kichwa, za mgongo na za tumbo. Nitumie nami, nitakuambia kama jina aliloambiwa ni lao.